Siku Iliyonipotea Yanonge

Ninyi wa atelier ya kushona ya Kabondo mlinipokea vizuri niliporudi. Mlinipa kiti, mkanipa chai, halafu mkaniuliza habari za njia. Nikasema safari ilikuwa njema. Maman Clarisse akatazama miguu yangu, akauliza tangu lini ninavaa kandambili za mwanaume. Nikacheka, nikakanyaga cherehani. Tangu siku hiyo kila mmoja ana habari yake: niliibiwa, nilitumbukia majini, nilikuwa na bwana Yanonge. Basi nimeandika mambo yalivyokwenda, niwasomee mara moja tukiwa wote, yaishe.

Mnajua nilikuwa ninakwenda Opala kwa ajili ya mdogo wangu Faustin. Alikuwa amempata mchumba huko, Régine, na siku ya kupeleka mahari ilikuwa Jumamosi. Baba yetu alikufa tukiwa wadogo, mama naye ametutoka, na tonton, mjomba aliyetulea, amezikwa. Upande wa mwanaume nilibaki mimi peke yangu, na wakwe walikuwa wamesema wazi kwamba hawatapokea kitu chochote mkononi mwa kijana aliyekuja bila mkubwa wake.

Kuna jambo hamlijui, na bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Mimi huwa ninaondoka.

Mmeshaniona. Siku ile niliposhona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa ule wa kulia, mkaniita na sikuitika, mlisema Mado iko mu mawazo. Hayakuwa mawazo. Nilikuwa nimekaa juu kabisa karibu na bati, ninamtazama mwanamke anayeshona, na simjui. Sauti zenu zilinifikia kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Mara nyingine ninarudi upesi. Mara nyingine ninarudi na kukuta jioni imefika, na nimepika, na nimeongea na watu, na sikumbuki hata neno moja.

Ilianza zamani. Wakati vita ilipokuwa hapa Kisangani mama alituacha kwa kaka yake, akashuka mto kutafuta biashara, njia ikafungwa nyuma yake, na hakurudi ila baada ya miaka. Tonton alikuwa mtu wa fimbo. Akimaliza kupiga alitufungia mimi na Faustin ndani ya depo yake, alikoweka mafuta ya taa na samaki wa chumvi. Yalikuwa ndiyo maisha yetu, wiki baada ya wiki. Mtoto asiyeweza kupita mlangoni hutafuta njia nyingine ya kutoka, nami niliipata ndani ya kichwa changu. Shida ni kwamba njia hiyo haikufungika nilipokua.

Pale parokiani kuna masœur, mtawa anayesikiliza watu, Masœur Agathe. Nilipokuwa ninawaambia ninakwenda katekisimu, nilikuwa ninakwenda kwake. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia kwamba sina wazimu wala sina pepo. Alinifundisha nifanye nini nikianza kwenda: nitafune kitu kichungu, nitie mikono katika maji baridi, nisugue nyayo chini, nitaje vitu ninavyoviona, niseme jina langu na mahali nilipo. Mume wangu anajua. Faustin sikuwa nimemwambia. Nilidhani kwamba mimi mkubwa napaswa kuwa ukuta wake.

Kutoka Kabondo hadi bandarini

Niliondoka Jumanne alfajiri kwa toleka, mfuko ukiwa mapajani na mwenye baiskeli akilalamika kilima kizima kwamba nimebeba mawe. Ndani kulikuwa na vikwembe, vile vitenge vya mama mkwe, chumvi, sabuni, na suti ya Faustin niliyoishona mwenyewe, ile mliyonisaidia kuipiga pasi.

Baleinière, lile boti refu la mbao lenye injini nyuma, lilikuwa liondoke asubuhi. Asubuhi ikapita. Watu wote walikuwa wamekwisha kaa, kuku wamefungwa miguu, watoto wamelia wamechoka, na bado tulikuwa tumefungwa pale pale. Tulikuwa tunamngoja mfanyabiashara mmoja aliyelipia sehemu kubwa ya mzigo. Alipofika mchana, nyuma yake wapagazi na magunia ya maharagwe na vitunguu, hakuna aliyemsalimia. Alikuwa mama mnene wa Kivu ya Kaskazini, rozari shingoni, na aliketi mahali pekee palipobaki, karibu yangu. Jina lake Maman Kavira. Alipoona hakuna anayemwangalia, alifungua sufuria yake akaanza kuwagawia watu maharagwe, mmoja mmoja, mpaka nyuso zikalegea. Mimi nilimpa lituma na kipande cha ngolo. Alikula samaki, lituma akaigeuzageuza mkononi, akaniuliza kwa adabu kwa nini watu wa Kisangani wanazitwanga ndizi zilizokwisha kuiva vizuri, zimewakosea nini. Tukacheka. Nakumbuka hiyo vizuri. Tulicheka, na mji ulikuwa unarudi nyuma taratibu.

Mtoni, chini ya turubai

Mvua ilitukuta kabla ya Yanonge. Ilianza kwa upepo, halafu mto ukawa mweupe, na wafanyakazi wa boti wakavuta turubai juu yetu sote na kulifunga pembeni kwa kamba. Ni kazi yao, na walifanya vizuri, maana unga ungelowa.

Chini yake kulikuwa na giza na joto. Chombo cha petroli kilikuwa kinavuja mahali fulani. Na mama mmoja nyuma yangu alikuwa amebeba vikapu vya samaki wa chumvi.

Nilijua mara moja kinachokuja. Mikono yangu ilianza kuwa mbali, kama mikono ya mtu mwingine iliyowekwa juu ya magoti yangu. Nikajaribu yale niliyofundishwa. Makasu yangu, zile kola chungu za kutafuna, yalikuwa ndani ya mfuko, na mfuko ulikuwa chini ya magunia ya Maman Kavira. Nikasema jina langu kwa sauti: Madeleine. Mzee aliyebanana nami kushoto alidhani ninajitambulisha, akanijibu jina lake na la kijiji chake, akauliza langu la ukoo. Nikavua viatu, nikasugua nyayo kwenye mbao, nikamkanyaga kuku wa mtu, na mwenye kuku akaanza kugomba. Nikataka kutaja vitu ninavyoviona. Hapakuwa na kitu cha kuona.

Mtu fulani akaivuta kamba ya mwisho upande wangu, na mwanga mdogo uliobaki ukafungwa. Maman Kavira alikuwa anasali. Hapo ndipo ninapoishia.

Kipande ambacho sina

Mngependa niwaambie jinsi nilivyoshuka kwenye boti, na mimi ningependa kujua. Baleinière ilisimama Yanonge kushusha watu, wakati mvua ilikuwa bado inanyesha. Mwanamke mwenye kikwembe cha bluu alishuka peku, bila mfuko, hakuaga mtu. Hayo niliambiwa baadaye. Alipita sokoni. Alipita mbele ya kanisa. Akaingia katika uwanja wa watu asiowajua, mahali palipokuwa na beseni la samaki, akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu, akaanza kuparua magamba.

Mwanamke huyo ni mimi. Ninamwonea huruma, na ninamshukuru pia, maana alichagua uwanja mzuri.

Yanonge

Nilirudi asubuhi. Nilikuwa nimechuchumaa ukingoni mwa mto, mikono yangu ndani ya maji hadi kwenye viwiko, na maji yalikuwa baridi. Niliyaona magamba yamenata kwenye ngozi yangu. Niliona mtumbwi, nikaona nyavu zimeanikwa, nikaona mwanamke wa makamo anasugua sufuria kwa mchanga karibu yangu. Sikumjua. Nilimwuliza kwa sauti ndogo mahali hapa panaitwaje.

Hakushtuka. Aliweka sufuria chini.

"Hapa ni Yanonge, mama. Bon, leo sauti yako iko ingine. Sasa wewe iko nani?"

Nikamwambia: Madeleine, wa Kabondo, fundi wa nguo. Nilimwambia sijui nimefikaje kwake na kwamba ninaona haya. Alisema haya tutayaona tukisha kula.

Jina lake Maman Lisette. Mumewe, Papa Likenge, ni mvuvi, na familia yao ni ya mto tangu babu zao. Nyumbani alinipa kwanga, mkate wa muhogo, na samaki wa kuchemsha na majani ya ngai-ngai, akanisimulia siku yangu iliyopita kama unavyomsimulia mtu filamu aliyoikosa. Niliingia bila hodi na kuanza kazi. Yeye akadhani mimi ni ndugu wa mumewe wa upande wa Isangi, maana wana tabia ya kuja bila kutoa habari. Papa Likenge aliporudi akanikuta jikoni ninafanya kazi kama mtu wa nyumba, akadhani mimi ni ndugu wa mkewe. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Walinipa chakula cha jioni. Walinipa kitanda. Walipotaka kwenda kulala ndipo Papa Likenge alipomwambia mkewe kwamba huyu dada yako haongei sana, naye akajibu kwamba dada yangu nani.

Hata mumewe alicheka aliposikia tena, nami nilicheka huku machozi yananitoka.

Majirani walikuwa na maoni yao. Mmoja alisema nimelewa. Mwingine alisema mimi bubu. Katekista alikuja na kitabu chake kutaka kuniombea, kwa sababu alisikia kuna mwanamke aliyetoka mtoni wakati wa mvua bila viatu, na kila mtu anajua wanaotoka mtoni hivyo ni nani. Maman Lisette alimwambia kwamba wale wa mtoni hawajui kuparua samaki vizuri namna hii, arudi kesho. Nilimwuliza kwa nini hakuniogopa yeye. Akafikiri kidogo.

"Uliniuliza kitu kimoja tu," alisema. "Uliuliza kama mulango itafungwa. Uliuliza na sauti ya mutoto. Donc tuliacha mulango wazi, na Papa Likenge akalala pale kizingitini."

Papa Likenge alikuwa ameinamia wavu wake, anautengeneza, kana kwamba hasikii. Nikawaeleza. Ilikuwa mara ya kwanza kumweleza mtu asiye mume wangu wala masœur. Niliwaambia juu ya vita, na tonton, na depo, na jinsi ninavyoondoka. Maman Lisette alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema pole. Alisema kuna dada wa mama yake, baada ya vita, aliyekuwa akisimama na mtungi kichwani katikati ya njia mpaka mtu amshike mkono. Watu walimcheka mpaka akafa. Alisema sasa anasikitika kwa kucheka.

Papa Likenge akauliza swali moja, ninakwenda wapi na ninangojwa lini. Nilipomwambia Opala, Jumamosi, alihesabu kichwani, akatikisa kichwa, akaenda kumtafuta shemeji yake mwenye mtumbwi wa injini. Shemeji alikuwa ameenda msituni, ikabidi tumngoje mpaka siku ya pili. Nilikaa. Niliparua samaki tena, safari hii nikijua ni samaki wa nani. Wakati wa kuondoka Papa Likenge alivua kandambili zake na kuziweka mbele ya miguu yangu. Mkewe akamwambia kwamba sasa amepata dada kweli.

Isangi

Mtumbwi wa shemeji uliponishusha Isangi, nilikuwa nimewaza njia nzima juu ya mfuko wangu. Simu ilikuwa humo, suti ilikuwa humo. Sikuwa nimewaza juu ya watu walioniona mara ya mwisho.

Kule kwenye boti, turubai lilipofunuliwa baada ya Yanonge na mimi sipo na viatu vyangu vipo, walidhani nimetumbukia. Mwenye kuku alianza kulia, kwa sababu maneno yake kwangu yalikuwa makali. Boti lilizunguka mahali lilipopita, watu wakaita jina langu juu ya maji. Yule mzee aliyeniambia jina la kijiji chake ndiye pekee aliyelijua, Madeleine, na alikuwa ameliita mpaka sauti ikakauka. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kuuliza Yanonge.

Watu wa bandari ya Isangi walinionyesha duka dogo la Maman Kavira, nikamkuta anapima vitunguu. Alinitazama. Akaendelea kupima kitunguu kimoja zaidi. Kisha akakaa chini pale pale, juu ya gunia, na kunivuta kikwembe kama anayetaka kujua kama ni kitambaa kweli.

Alisema kwa upole kwamba alikuwa amekwisha lipia misa yangu.

Nilimweleza. Mwanzoni hakuelewa, alidhani nasema nilikuwa ninakimbia mume, akaniambia anamfahamu padri anayepatanisha watu. Nikaeleza tena. Akapapasa rozari yake, akasema kwamba kwao, milimani, kuna wengi waliolala msituni na watoto, na kuna wanawake sokoni wanaouza nyanya huku macho hayapo. Hakuwahi kuuliza wanakuwa wapi. Aliuliza sasa: huwa ninakuwa wapi? Nikamwambia juu. Juu, karibu na bati. Na je, kunauma? Nikamwambia hapana, huko hakuumi, ndiyo maana mtu huenda. Kinachouma ni kurudi na kukuta umewatia watu hofu.

Mfuko wangu ulikuwa ndani ya chumba chake, juu ya kitanda chake mwenyewe, na ameufunika kitambaa cheupe. Alinipa. Kuhusu misa alisema haitapotea, padri ataigeuza iwe ya shukrani.

Kupanda Lomami

Pale Isangi ndipo Lomami inapoingia katika mto mkubwa, na kutoka hapo unapanda kinyume cha maji. Kila kitu kinakwenda polepole. Mtumbwi wa abiria niliopanda hapo ulikwama kwenye mchanga, ukatolewa, ukakwama tena. Tulilala kijiji kimoja, tukala makemba, ndizi za kupika, na mbinzo, viwavi vya kukaanga. Jumamosi ilinikuta bado mtoni. Nilikaa nikijua kwamba wakati huo huko Opala viti vimepangwa, masufuria yako motoni, na Faustin amesimama amevaa shati lake la zamani, anatazama njia. Simu haikushika mtandao.

Mchana mawingu yakaja tena, na kijana wa usukani akaanza kufungua turubai.

Hapo nilifanya kitu ambacho sijawahi kukifanya. Nilisimama kabla hakijaanza. Nikawaambia wasafiri wote, nikiwa na makasu mdomoni, kwamba ninawaomba waiache pembe yangu bila kufungwa, maana nikifungiwa gizani ninaugua. Mzee mmoja aliyebeba mchele alipinga, akasema hatuwezi kulowa wote kwa sababu ya mtu mmoja. Nikamwambia ana haki. Nikasema nitakaa mimi pembeni, nilowe mimi. Kijana akamtazama mzee, mzee akatazama mchele wake, akausogeza katikati.

Mvua ilinipiga upande mmoja wa mwili muda mrefu. Nilitafuna, nikataja miti, nikataja ndege mweupe, nikataja ukingo mwekundu ulioporomoka. Mara mbili mikono ilianza kwenda mbali, mara mbili ilirudi. Na sijui ilikuwa saa ngapi nilipoona kwamba pembe ya turubai haipigwi tena na upepo. Yule mzee wa mchele alikuwa ameishika kwa mkono wake, ameinua kidogo, nipate kuona nje bila kulowa. Hakunitazama. Tulipofika aliniambia tu kwamba mkono umemfia ganzi, akacheka.

Opala

Tulifika Jumapili, watu wakitoka kanisani. Faustin alikuwa bandarini. Amenenepa, ana ndevu. Hakunilaumu. Alinishika mabega akaniuliza kama niko mzima, halafu akaniambia upesi upesi, tukitembea, kwamba mambo ni mabaya. Chakula cha jana kililiwa na majirani. Baba wa Régine, Papa Lofemba, amesema kwamba familia isiyofika siku iliyoitwa imekwisha kutoa jibu. Amekubali kukaa nasi leo kwa sababu binti amelia. Faustin alikuwa amekwisha tengeneza maneno ya kusema: injini iliharibika.

Nilimwambia sawa. Nilikuwa nimekusudia kusema hivyo.

Tulikaa chini ya paa la majani, wao upande wao, sisi wawili upande wetu, viti vitupu nyuma yetu. Papa Lofemba ni mtu mrefu, anaongea chini. Alisema hana hasira. Alisema anataka kujua tu, kwa sababu anampeleka mtoto wake kwa watu, na mtu hutaka kujua watu ni nani: nilikuwa wapi Jumamosi?

Nilifungua mdomo niseme injini. Na nikaona kwamba nikisema injini, siku Régine atakapomwona wifi yake amesimama katikati ya nyumba na hayupo, atakuwa peke yake kama mimi nilivyokuwa, na hatajua ni kitu gani. Nikasema kweli. Nilisema yote, tangu depo hadi Yanonge. Faustin alikuwa amegeuza uso. Nilisikia mama mmoja upande wao ananong'ona neno la ugonjwa wa kichwa.

Papa Lofemba aliinama mbele kitini.

"Hii kintu," alisema, "iko katika damu? Itaingia mu watoto ya mutoto yangu?"

"Hapana, papa," nikasema. "Haikai mu damu. Inafundishwa. Tulifundishwa na fimbo na mulango. Kama hamuna fimbo mu nyumba, watoto hawataijua."

Faustin akageuka wakati huo. Alisimama, jambo ambalo mchumba hafanyi siku ya mahari, akasema kwamba yeye hajawahi kulala ndani ya chumba kilichofungwa tangu alipotoka kwa tonton. Alisema Régine anajua, alimwambia mwanzoni kabisa. Na Régine, ambaye hakupaswa kuwa pale, akasema kutoka nyuma ya ukuta wa majani kwamba ni kweli, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kununua neti kubwa ya mbu kwa sababu ya mlango wazi.

Watu walicheka, hata wale waliokuwa hawataki. Papa Lofemba hakucheka. Alinitazama kandambili, akaniuliza ni za nani, nikamweleza juu ya Papa Likenge aliyelala kizingitini. Alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akamwambia mkewe alete maji watu wanawe mikono, na mkewe alipouliza kama ni ya kula au ya kuagana, akasema ni ya kula.

Nilikaa Opala mpaka harusi ikapita. Suti ilimbana Faustin kifuani. Mlikuwa mmesema itambana, nikawabishia. Nilicheza, nilikula pondu ya majani ya muhogo mpaka nikaona haya. Nilimfundisha Régine la kufanya mtu akianza kwenda: asimtikise, asimpigie kelele, amwite jina, ampe kitu baridi mkononi, amwambie yuko wapi. Alirudia maneno yangu taratibu kama anayesoma sala.

Asubuhi ya kurudi, Faustin alinisindikiza bandarini. Mtumbwi ulikuwa bado unapakia. Tulikaa juu ya gogo, na alikuwa anachora mchangani kwa kijiti, anafuta, anachora tena. Halafu akaniambia kuna jambo alitaka kuniuliza tangu tukiwa watoto.

"Yaya, dada yangu, kule mu depo nilikuwa naongea na wewe. Kila mara. Hukujibu hata siku moja. Nilizani unanikasirikia. Nilizani uliona ni sababu yangu tonton anatupiga."

Sikujua. Miaka hiyo yote sikujua kwamba alikuwa anaongea. Nilimshika kichwa, mtu mzima huyo mwenye ndevu, nikamwambia sikuwa na hasira naye hata siku moja. Sikumsikia. Sikuwepo.

Alivuta pumzi, akaitoa polepole.

"Basi nilikuwa peke yangu," alisema. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu aliyeelewa hesabu iliyokuwa inamsumbua.

Nikamwambia mtumbwi haujajaa bado. Nikamwambia: niambie sasa yale uliyokuwa unaniambia.

Aliona haya mwanzoni. Akasema yalikuwa ya kitoto, yalikuwa ya chakula tu, kile ambacho tungekula siku mama akirudi. Nikasema nataka kusikia. Basi akaanza, akitazama maji: kwanza tungekula mikate ya moto, mmoja wangu na mmoja wake, bila kugawana na mtu. Halafu mayai. Halafu mama angetununulia ngolo mkubwa, kichwa chake changu kwa kuwa mimi ni mkubwa. Alikuwa anakumbuka mpangilio wote. Watu walikuwa wananiita nipande, nikawainulia mkono wangoje, kwa sababu alikuwa hajafika kwenye matunda.